Jitu Mlamaradhi: mchezo wa dadu na maharage, na jinsi ya kuliua jitu kwa njaa

Katika kipindi chetu cha vijana cha jioni tulisimulia habari za jitu lisilokula ng'ombe wala watu. Jitu hilo linakula maradhi. Baada ya kipindi mlituletea ujumbe mwingi, na wengi mliuliza mambo matatu: jitu hili limetoka wapi, mchezo wenyewe unachezwaje, na je, kuna ukweli wowote ndani yake? Makala haya yanajibu yote matatu. Tumeyaandika kwa vipande vifupi ili uweze kuyasoma kwenye simu, hata ukiwa foleni kisimani.

Tuseme jambo moja mapema. Jitu Mlamaradhi ni la kubuni. Hakuna jitu, na hakuna jirani anayetuma jitu. Ukiugua au ukiuguza, nenda zahanati. Huu ni mchezo wa kutufundisha kufikiri, haumtibu mtu.

MCHEZO WA UHUSIKA NI NINI?

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Kabla yake watu walikuwa wakicheza michezo ya vita kwa vinyago vidogo mezani, na kila mchezaji aliongoza jeshi zima. Hawa wawili wakabadilisha jambo moja: kila mchezaji awe mtu mmoja tu, mwenye jina, kazi na udhaifu wake. Ndiyo maana tunauita mchezo wa uhusika. Unajivika mtu mwingine na kuamua kama yeye.

Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Yeye ndiye anayeeleza kijiji kikoje, nani kabisha hodi, na jitu limesimama wapi. Wengine husema watakachofanya. Jambo likiwa gumu, hurusha dadu kuona kama wamefaulu. Mchezo wa Marekani hutumia dadu za namna nyingi, mojawapo ikiwa na pande 20. Sisi tutatumia dadu ya kawaida ya pande sita, ile ya ludo.

Mwaka 1977 mchezo huo ulipata kitabu chake cha mazimwi, kinachoeleza kila kiumbe na nguvu zake. Majitu ni ukoo mkubwa humo: majitu ya vilima, ya mawe, ya baridi kali, ya moto, ya mawingu na ya dhoruba. Lakini desturi ya wachezaji ni kwamba msimulizi asiyeridhika na mazimwi ya kitabuni hujitengenezea lake. Nasi tumefanya hivyo.

TUMELITOA WAPI?

Watu kuupa ugonjwa mwili na uso ni jambo la zamani. Tauni ilifika Norway mwaka 1349, na kumbukumbu yake ikabaki kwa karne nyingi katika masimulizi ya bibi kizee aitwaye Pesta, atembeaye shamba kwa shamba. Akija na reki, baadhi ya watu watapona, kwa kuwa meno ya reki huacha nafasi. Akija na ufagio, hafagii akabakiza.

Kwetu kuna nunda mla watu. Hadithi yake imo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliotolewa na Edward Steere mwaka 1870. Nunda hakuanza akiwa nunda. Alikuwa paka wa sultani. Alianza na mifugo, watu wakalalamika, sultani akasema paka ni wake na mali ni yake. Akala mbuzi, na sultani akasema vilevile. Akaendelea kula na kukua hadi akaanza kula watu, na mwishowe akawala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo baba alipokubali kwamba huyo si paka tena.

Kutoka kwa Pesta tumechukua kutembea nyumba kwa nyumba. Kutoka kwa nunda tumechukua jambo kubwa zaidi: zimwi hukua kwa sababu kuna mtu aliyeliona likiwa dogo akanyamaza.

SIFA ZA JITU MLAMARADHI

Umbo: Likiwa na njaa, urefu wake ni wa mtu mrefu wa kawaida, limekonda, na ngozi yake ni kama udongo wa bwawa lililokauka. Likishiba, hupita mwembe mkubwa kwa urefu, na ngozi hung'aa kama imepakwa mafuta.

Chakula: Hukaa nje ya nyumba yenye mgonjwa na kuvuta pumzi. Halimgusi mgonjwa. Linavuta ule ugonjwa kama mtu anavyovuta harufu ya samaki wa kukaanga. Mgonjwa haponi kwa kuvutwa, na ugonjwa haupungui. Linaloongezeka ni jitu.

Nguvu: Halina moto wala sumu. Nguvu yake ni sauti. Usiku hunong'ona dirishani kwa sauti ya mtu unayemfahamu: "Usiseme. Watawacheka. Watamchukua." Nyumba inayosikiliza hufunga mlango.

Udhaifu: Haliwezi kuweka akiba. Kila usiku hutumia nguvu nyingi kwa kusimama tu. Likikosa chakula siku chache, huanguka.

VIFAA NA WACHEZAJI

Mnahitaji maharage 20, punje za mahindi 30, dadu moja, sahani moja, kikombe kimoja na kipande cha uzi. Maharage ni wanakijiji. Punje ni nguvu za jitu.

Wachezaji ni watano. Mmoja ni msimulizi. Wanne wengine ni Muuguzi, Mjumbe, Mwalimu na Mwenye Mkuki. Kila mmoja ajipe jina na aseme ana ndugu gani kijijini. Hilo la ndugu msiliruke, kwa kuwa ndugu ndio watakaougua.

Mwanzoni jitu lina punje 12. Wagonjwa ni watatu: mmoja yuko wazi, harage lake linawekwa kwenye sahani, na wawili wamefichwa, maharage yao yako chini ya kikombe cha msimulizi. Wachezaji wasiambiwe waliofichwa ni wangapi.

SIKU MOJA YA MCHEZO

Asubuhi jitu linakula. Mgonjwa aliye wazi analipa punje 1. Mgonjwa aliyefichwa analipa punje 2.

Mchana kila mchezaji anasema anafanya nini, kisha anarusha dadu mara moja.

Muuguzi anachagua mgonjwa mmoja aliye kwenye sahani. Akipata 3 au zaidi, mgonjwa anapona, halishi jitu tena na haugui tena.

Mjumbe anatembea nyumba kwa nyumba. Akipata 3 au zaidi, mgonjwa mmoja aliyefichwa anatoka chini ya kikombe na kuja kwenye sahani.

Mwalimu anazungumza na watu wanaowazunguka wagonjwa. Akipata 3 au zaidi, anazungushia uzi sahani, na usiku huo waliomo hawaambukizi.

Mwenye Mkuki anapigana na jitu. Akipata 4 au zaidi, jitu linapoteza punje 1. Akipata 1, yeye mwenyewe anaugua, na harage moja zima linakwenda kwenye sahani.

Usiku jitu linatumia punje 4. Kisha msimulizi anarusha dadu kwa siri kwa kila mgonjwa asiyezungushiwa uzi. Aliye wazi anaambukiza mtu mmoja ikitoka 1. Aliyefichwa anaambukiza mtu mmoja ikitoka 1, 2 au 3, kwa kuwa waliomo ndani hawajui la kujikinga nalo. Kwa kila mgonjwa mpya dadu inarushwa tena: ikitoka 1, 3 au 5, amefichwa, na ikitoka 2, 4 au 6, yuko wazi.

Kijiji kinashinda punje zikiisha. Kijiji kinashindwa wagonjwa wakifika 10 kwa wakati mmoja, au jitu likifikisha punje 30 na kuondoka kwenda kijiji cha pili.

KANUNI YA AIBU

Kanuni hii ndiyo roho ya mchezo. Ikiwa mchezaji yeyote, katika maneno yake ya siku hiyo, amemcheka mgonjwa, amemtuhumu mtu kuwa ndiye aliyeleta jitu, au ametishia kuchoma au kufukuza, basi wagonjwa wote wapya wa usiku huo wanakwenda chini ya kikombe. Hakuna kurusha dadu.

Msimulizi asiwaonye. Aache waone wenyewe kesho yake asubuhi.

HESABU INAONYESHA NINI?

Tulipoucheza mara ya kwanza hapa studioni, wote tulikimbilia mkuki. Tuone hesabu yake.

Jitu lina 12. Asubuhi linapata punje 5, moja kwa mgonjwa wa wazi na nne kwa wawili waliofichwa. Sasa ni 17. Mkuki ukipiga sawasawa, 16. Usiku linatumia 4, linabaki na 12. Yaani shujaa amepigana mchana kutwa, amefaulu, na jitu liko palepale lilipokuwa jana. Na wagonjwa wameanza kuongezeka.

Sasa tuone njia ya pili, tukichukulia kwamba dadu zimekubali na hakuna aliyeambukizwa upya. Siku ya kwanza Muuguzi anamponya mgonjwa wa wazi na Mjumbe anamtoa mmoja wa waliofichwa. Usiku jitu lina 13. Siku ya pili linakula 3 tu. Muuguzi anamponya yule aliyetolewa, Mjumbe anamtoa wa mwisho, na usiku jitu lina 12. Siku ya tatu linakula 1, wa mwisho anaponywa, linabaki na 9. Siku ya nne halina chakula, linabaki na 5. Siku ya tano, mkuki ukipiga mara moja linakuwa na 4, na usiku huohuo linaanguka.

Kwa hiyo mkuki una kazi, lakini kazi yake ni kumalizia. Jitu linauawa na njaa.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wakali huligundua haraka. Wanaona mgonjwa mmoja kwenye sahani, lakini jitu limepata punje 5. Hesabu haikubali. Hapo wanajua bila kuambiwa kwamba kuna wagonjwa wawili waliofichwa. Wahudumu wa afya hufikiri vivyo hivyo: ugonjwa ukizidi wale wanaojulikana, kuna nyumba ambayo haijafikiwa.

JE, LIPO LILILOWAHI KUFA HIVI?

Lipo, na jina lake ni ndui.

Ndui iliwatesa watu kwa maelfu ya miaka. Katika aina yake kali, takriban wagonjwa 3 kati ya 10 walikufa, na wengi waliopona walibaki na makovu usoni au upofu. Chanjo ilikuwako tangu mwaka 1796, lakini hadi miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa bado unaua Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wazo la wakati huo lilikuwa kuchanja karibu kila mtu.

Mwishoni mwa mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege na wenzake walikuta wana mlipuko mkononi na chanjo haitoshi. Wakatumia redio za mawasiliano za wamisionari waliokuwa wametawanyika eneo hilo. Waliwauliza kwa redio ni wapi penye mgonjwa wa ndui, nao wamisionari wakatuma watu vijijini kuuliza. Kila palipopatikana mgonjwa, walichanja walioishi naye na waliomzunguka, wakafunga duara. Kirusi kilipotafuta mtu wa kumwingia kilikuta mlango umefungwa pande zote. Mlipuko ukazimika, ingawa watu wengi wa eneo hilo walikuwa hawajachanjwa.

Sisi watu wa redio hatuwezi kuisimulia habari hiyo bila kutabasamu. Lakini tuangalie kilichofanya kazi. Redio peke yake haikumponya mtu. Iliuliza swali, na kuna watu waliojibu kwa ukweli kwamba hapa kwetu yuko mgonjwa.

Njia hiyo ya kutafuta na kuzungushia ikatumika nchi kwa nchi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililokuwa na wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi, dakika chache tu. Hakuwa na kinga. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano.

Alipougua, kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Yeye mwenyewe hakujitokeza kusema ni ndui, kwa hofu ya kutengwa. Mtu mwingine ndiye aliyetoa taarifa. Wahudumu wakawatafuta wote aliokutana nao, wakachanja watu kwa maelfu mjini humo, na hakuna hata mmoja aliyeipata ndui kutoka kwake. Maalin alipona. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini kwake. Wazazi waliosita aliwaeleza habari zake mwenyewe: aliikwepa chanjo, na ikawaje. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Kwa lugha ya mchezo wetu, Maalin alikuwa harage la mwisho chini ya kikombe. Kikombe kilipofunuliwa, jitu likafa.

SI KILA JITU LINAKULA VILEVILE

Tusidanganyane. Ndui iliweza kuuawa kwa njaa kwa sababu ilikaa kwa binadamu tu, ilionekana waziwazi kwenye ngozi, na chanjo yake ilidumu muda mrefu. Magonjwa mengine yana ghala la pili.

Kipindupindu hupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mkitaka kulicheza jitu la kipindupindu, ongezeni kisima: kila asubuhi kisima kichafu kinalipa jitu punje 2, hata kama hakuna mgonjwa, hadi Mwalimu atakapofaulu mara mbili kuwafanya watu wachemshe au watibu maji na kutumia choo. Mgonjwa wa kweli wa kipindupindu hupoteza maji kwa kasi na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mara moja, na usiache kumpeleka kituo cha afya. Kama pakiti haipo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mpe njiani.

Malaria huletwa na mbu, hivyo kumtenga mgonjwa hakusaidii kitu. Hapo uzi wa Mwalimu unakuwa chandarua. Kichaa cha mbwa kinakaa kwa wanyama, na silaha ya kwanza ni kuchanja mbwa. Kwa kila ugonjwa, swali la kwanza la mchezo ni lilelile: hili linakula wapi?

KWA NINI TUNAUCHEZA?

Baada ya kipindi tulipokea ujumbe wa msikilizaji mmoja, mama wa makamo kwa maelezo yake. Aliandika kwamba wajukuu zake waliucheza mchezo huu uani, na mdogo wao, aliyekuwa Mjumbe, akauliza kwa sauti: "Bibi, na wewe ulimfichia nani?" Mama anasema alicheka, kisha hakulala vizuri. Miaka iliyopita alimficha ndani mtu wake aliyekuwa akikohoa kwa miezi, kwa kuogopa maneno ya watu. Alipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa.

Tumepata ruhusa yake kuyaandika haya, bila jina. Hatumlaumu. Ile sauti ya dirishani kila mmoja wetu anaifahamu, na mara nyingi inasema kweli: watu watacheka kweli, watasema kweli. Ndiyo maana katika mchezo wetu Mjumbe peke yake hashindi. Akienda kubisha hodi huku wenzake wanatuhumu na kucheka, kila usiku kikombe kinajaa upya.

Kwa hiyo mkikaa na maharage yenu jioni, mpeni kila mmoja nafasi ya kuwa Mjumbe, na msimulizi awe mkali katika kanuni ya aibu. Mkishaumaliza, tuandikieni: jitu lenu lilifika punje ngapi, lilikufa siku ya ngapi, na ni nani alikuwa wa mwisho kutoka chini ya kikombe. Tutayasoma hewani.